Gonga Nijue Upo

3 Februari

Kwa Baba na Mama,

Shikamooni. Nimeamua kuwaandikia barua kwa sababu simu zenu nazijua. Nikipiga, Mama anasema "hatujambo", Baba anapaza sauti kutoka mbali "hatujambo", halafu mnaniambia nisimalize salio na mnakata. Barua angalau itamlazimisha mtu akae chini.

Ile kazi nimeipata. Baba, utacheka. Nalipwa kwa kuharibu vitu. Yule mtoto uliyemwita Mtundu kwa sababu alifungua saa ya ukutani akashindwa kuirudisha, leo ana kitambulisho shingoni na meza yake mwenyewe, na akifika asubuhi msimamizi anamwuliza, "Leo umevunja nini?"

Kazi yenyewe ni hii. Kuna mashine itakayowekwa wodini, kando ya kitanda cha mgonjwa mahututi. Zamani pale kitandani zilikaa mashine nne: ya kusoma mapigo ya moyo, ya kupiga kengele mambo yakiharibika, ya kutunza rekodi za mgonjwa, na ya kuonyesha picha za ndani ya mwili. Sasa wanataka zote nne ziingie kwenye sanduku moja. Sanduku ni moja, waya wa umeme mmoja, ubongo mmoja, ila ndani tumeligawa vyumba vinne. Kila chumba kina mfumo endeshi wake, yaani ile programu mama inayotawala nyingine zote, na kila mfumo unajiona uko peke yake duniani. Haujui hata kama una majirani.

Mimi naingia chumba kimoja, nakiangusha kwa kila njia ninayoijua, kisha natazama kama vingine vimetikisika. Vikitikisika, wenzangu walioandika programu wananinunia. Visipotikisika, nakula chakula cha mchana kwa raha.

Chumba tunachofanyia kazi hakina dirisha na kina baridi hadi navaa sweta. Simu tunaziacha mlangoni. Kwa hiyo niandikieni, na msiniambie "hatujambo" peke yake.

Mtundu wenu

---

20 Februari

Mwanangu Mtundu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Nimefurahi una sweta.

Sikuelewa yote, ila hapo pa vyumba nimepaelewa vizuri, pengine kuliko ulivyotarajia. Nina maswali. Huo ukuta wa katikati mnauwekaje ili usipitishe fujo ya upande wa pili? Na kama ubongo ni mmoja, kama vile jiko moja kwenye nyumba, nani anatangulia kuutumia? Na mmoja akiwa na tabia ya kutandaza vitu vyake kila mahali, mnamfanyaje? Nijibu kwa urefu, usinifiche utaalamu.

Baba yako hajambo. Namsikia akikohoa, kwa hiyo yuko.

Cherehani yangu siku hizi inaruka mishono. Tuyaache hayo.

Mama

---

6 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Umenifurahisha hujui kiasi gani. Marafiki zangu wote nikianza kueleza kazi yangu wanaangalia simu zao, na wewe unauliza maswali ambayo hata msimamizi wangu hajaniuliza!

Ukuta wetu hauna unene, ni sheria tu zilizoandikwa ndani ya mashine. Kwanza hakuna tundu, hata la kupitisha sindano. Juzi juzi nilikuta moja: chumba cha picha kikijaa, mizigo yake inamwagikia chumba cha rekodi. Tuliliziba siku ile ile. Ubongo unatumiwa kwa zamu. Kila chumba kina muda wake, na muda ukiisha kinatoka hata kama hakijamaliza, hakuna kubembelezana. Na huyo mwenye tabia ya kutandaza tunampimia eneo lake mapema. Akilijaza, shauri yake.

Ukifuata hayo, vinaishi pamoja kwa amani kabisa. Chumba kimoja kinaweza kuanguka, na jirani yake asijue wala asisumbuke.

Mpe Baba hii barua aisome. Au msomee, maana najua atasema miwani yake imepotea ndani ya redio.

Mtundu

---

22 Machi

Kwako Mtundu,

Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwa seremala, ambaye sasa anaitwa kwetu kila mara kama daktari.

Ukinijibu, tuma kwa kinyozi wa pale kwenye kona. Barua za nyumbani zinapokelewa upande wa pili. Upande wa pili wa nini, utauliza. Wa ukuta. Nyumba imegawanywa, mwanangu. Mama yako ana mlango wa mbele, mimi nina wa nyuma, na sebule imekatwa katikati kwa plaiwudi.

Ilikuwa hivi. Mama yako alikwenda kumwuguza dada yake, nami nikaifungua cherehani yake. Ilikuwa inalia. Mtu aliyetengeneza redio maisha yake yote hawezi kukaa nyumba moja na chombo kinacholia. Niliisafisha, nikaitia mafuta, nikaifunga, ikabaki skrubu moja. Mashine ilikuwa inazunguka vizuri, kwa hiyo skrubu nikaiweka mahali, na hapo mahali sasa sipakumbuki. Aliporudi akashona sare za shule za watoto wa watu, zikaachia mishono darasani. Alisema redio zangu zimejaa sebuleni hadi hana pa kuweka mguu, na sasa nimeingia hata kwenye cherehani. "Chukua upande wako, nichukue wangu." Nikasema, "Haya." Hilo "haya" ndilo lililomleta seremala.

Alipofika na mbao, aliinua nyundo akatutazama. "Wazee wangu, nipigilie?" Nilingoja mama yako aseme basi, yameisha. Yeye alikuwa anakunywa chai. Seremala akapigilia.

Mwanzoni huo ukuta ulikuwa na nafasi juu, karibu na dari, na taa ya upande wake ilinimulika na mimi. Sasa nafasi hiyo imezibwa. Anasema ndivyo wataalamu wanavyofanya, kaandikiwa na mtoto wake. Jiko kule uani tunalitumia kwa zamu, na zamu yangu ikiisha nakuta sufuria yangu imetolewa nje, hakuna kubembelezana. Hayo maneno naona ni yako.

Simlaumu mtu. Kitanda changu nimekisogeza hadi ukutani, upande cherehani ilipo. Ikishona najua yuko kazini, ikinyamaza mchana najua amejinyoosha kidogo. Usimwambie.

Baba yako

---

5 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma chumba cha chai, nikacheka hadi wenzangu wakageuka, halafu nikaenda chooni nikalia.

Kumbe mimi ndiye fundi wa ukuta wenu! Mama ananiuliza maswali, mimi kwa furaha najibu, kumbe namchorea ramani. Baba, yale yalikuwa mambo ya mashine. Vile vyumba vyangu havijawahi kulea mtoto, wala kuuguzana malaria, wala kugombania redio na taarifa ya habari.

Kwa nini hukumwambia pole? Neno moja tu, tena fupi. Badala yake ukasema "haya".

Naogopa kitu kimoja, nakisema wazi. Siku moja mmoja wenu ataanguka upande wake, na mwenzake atakuwa anashona au anasikiliza redio, asijue. Nimeshaliona hilo kichwani mara nyingi tangu barua yako ifike. Wewe una shinikizo la damu na dawa unazisahau. Aliyekuwa anakukumbusha yuko nyuma ya mbao.

Siri yako nitaishika kwa sababu umeniomba. Ila sijaipenda.

Mtundu wako

---

27 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo. Barua kama hii namwandikia Baba pia, maana shida yangu inawahusu wote wawili.

Ilikuwa siku ya majaribio ya mwisho kabla ya mashine kuingia kwenye maboksi. Asubuhi nilikiangusha chumba cha picha, vingine vikaendelea kama kawaida. Nikakiangusha cha rekodi, vile vile. Skrini yote ilikuwa ya kijani. Msimamizi alinipiga mgongoni akaagiza soda. Mchana nikakichokoza chumba cha kengele, hakikujibu. Nikakichokoza tena, kimya. Kumbe kilikuwa kimekufa tangu asubuhi, chenyewe, bila kuguswa na mtu, na kuta zetu zilikuwa nzuri kiasi kwamba hakuna jirani aliyetikisika. Chumba cha moyo kiliendelea kusoma moyo na kumpelekea habari marehemu.

Fikiria kungekuwa na mtu kitandani. Miezi yote hii tumepima kama vyumba vinasumbuana. Hakuna aliyewahi kupima kama kimoja kikifa kuna atakayejua.

Msimamizi anasema kuta zimefaulu, maboksi yaondoke. Nimemsihi hadi akanipa muda kidogo, kwa shingo upande. Nataka kuongeza mlinzi. Kila chumba kitamgongea mlinzi kila baada ya muda mfupi, kumwambia "nipo". Kisipogonga, mlinzi hajiulizi kimekasirika au kimechoka au kinaringa. Mlinzi hajui hayo. Anakwenda kukitazama pale pale, na kukiinua.

Sasa naomba msaada wenu kwa ajili ya kazi. Nataka kuona jambo hili likifanywa na watu wazima wawili wanaokaa nyumba moja. Kila asubuhi Baba agonge ukuta mara moja, popote alipo. Wewe ujibu mara moja. Jioni uanze wewe. Sheria ni ile ya mlinzi: mwenzako asipogonga, usikae ukatafsiri. Gonga wewe. Asipojibu, nenda ukamwone.

Niandikieni matokeo.

Mtundu

---

16 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Kwanza nikuondolee kazi ya kujifanya. Najua kwamba unajua. Kinyozi alikuwa anamnyoa jirani yetu, na kabla nywele hazijafika chini mtaa mzima ulishapata habari kwamba mzee wa redio anapokea barua pale.

Ndiyo, tuna ukuta, na juu niliuziba kwa maneno yako. Uliandika kwamba vinaishi kwa amani kabisa, nikaona basi, mtoto amesoma, anajua.

Bila shaka amekuambia nilikuwa nakunywa chai seremala alipouliza. Mwanangu, kikombe kilikuwa kitupu. Nilikuwa nakiinua tu ili nisiwe wa kwanza kuongea. Nilingoja aseme neno lolote lile. Yeye alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri gari.

Sasa jaribio lako. Nimekubali kwa ajili ya kazi yako tu. Naye alimtuma seremala aje kuniambia kwamba kwake pia ni kwa ajili ya kazi yako tu. Siku ya kwanza aligonga kama polisi, nikamwaga vifungo vyote. Siku iliyofuata aligonga taratibu. Siku hizi anagonga mara moja, ananyamaza, halafu anaongeza pigo la pili. La pili halimo kwenye jaribio. Nimelijibu, nisije nikakuharibia matokeo.

Andika pia kwamba likichelewa, aliye upande wa pili hawezi kushona mstari ulionyooka. Sijui kama hilo linafaa kwenye ripoti.

Mama

---

30 Mei

Kwako Mtundu,

Kinyozi nimemsamehe. Bila maneno hana cha kujazia viti vyake.

Jaribio linaendelea vizuri. Mama yako anajibu la pili. Nimejaribu la tatu, hajajibu, nadhani bado analifikiria. Asubuhi naamka kabla ya kuamshwa na mtu, nanawa uso, nachana nywele, ndipo nagonga. Kwa nini nachana nywele sijui, hanioni.

Nimeanza kuitafuta ile skrubu kwenye makopo yangu. Nikiipata nitazunguka nje hadi mlango wake wa mbele nibishe hodi kama mgeni, nimpe. Na lile neno lako fupi nitalisema hapo hapo mlangoni, kabla hajaanza yeye.

Jambo jingine dogo. Mkono wa kulia tangu juzi una ganzi, bisibisi inaniponyoka. Utaona hata mwandiko umelewa. Nadhani nimeulalia vibaya, kwa kuwa nalala nimegeukia ukuta. Usimwambie mama yako, atasema ni redio.

Baba yako

---

24 Juni

Mama mpenzi,

Nimefika salama. Kwanza nikushukuru kwa kunirudisha kazini. Ningebaki pale wodini nikikupangia nani alale na nani akalale nyumbani, tungegombana.

Nilipofungua mlango wangu nilikuta barua chini. Ya Baba. Aliituma kabla hajaanguka, ikawa njiani wakati yeye yuko sakafuni, kisha ikanisubiri hapa wakati mimi nimekaa kando ya kitanda chake. Nimeisoma nimesimama na begi mkononi. Anasema mkono wa kulia una ganzi. Anasema nisikuambie.

Kiharusi kilikuwa kinabisha hodi, Mama, na yeye ananiandikia habari za skrubu. Ningeipata mapema ningekupigia simu saa ile ile, siri au si siri. Basi na liwe wazi kwenu nyote: sitashika tena siri ya mmoja wenu kwa mwenzake. Ukiniambia nisimwambie, nitamwambia. Naye vivyo hivyo.

Nakutumia barua yake. Isome. Kuna habari za mlango wa mbele ambazo ni zako.

Na wewe una deni la maelezo. Siku uliyonipigia ulisema tu "njoo", ukakata. Hospitalini tuliongea kuhusu maji na dawa na mashuka. Asubuhi ile ilikuwaje?

Mtundu

---

8 Julai

Mwanangu,

Nimeisoma barua yake kwenye benchi la hospitali, yeye akiwa ndani anafundishwa kutamka. Niliisoma, nikaikunja, nikaikunjua. Nesi akaniuliza kama nahitaji maji.

Asubuhi ile hakugonga. Nitakueleza ukweli wote, hata usiopendeza. Jana yake jioni aligonga la tatu nikamsikia, na sikujibu, makusudi. Nilikuwa nataka ahangaike kidogo. Kwa hiyo asubuhi kulipokuwa kimya nilisema moyoni, haya, analipiza. Nikaketi kwenye cherehani. Nikatunga uzi. Nikasema simgongei, atanisubiri mpaka achoke.

Halafu nikakumbuka barua yako, pale uliposema mlinzi hajui kukasirika. Nikajiona nilivyokaa pale nikitafsiri. Nikagonga. Kimya. Nikagonga kwa kiganja. Nikazunguka uani, mlango wake umefungwa komeo kwa ndani. Nikaita jina lake, lile ambalo wewe hulijui, la ujana. Sikusikia kitu.

Nikarudi ndani, nikachukua kile kigoda changu cha cherehani, nikaupiga ukuta. Mara ya kwanza ulitikisika tu. Mara ya pili kigoda kikapita. Nikaikamata ile mbao kwa mikono nikaivuta, nikaingia, gauni langu la bluu likanasa msumari na kuchanika hadi kiunoni. Baada ya hapo niliingia hospitalini nikiwa hivyo hivyo, watu wananipa kanga, nami sielewi wananipa za nini.

Alikuwa chini, kati ya kitanda na meza ya redio. Macho yamefunguka. Nywele amechana. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, na mkono wa kulia umelala kama si wake. Lakini wa kushoto, mwanangu, ulikuwa unagonga sakafu. Kidogo kidogo, kwa kidole kimoja, kwenye saruji isiyotoa sauti. Alikuwa anagonga muda wote ule niliokuwa nimenuna na uzi mkononi.

Nikashika ule mkono nikamwambia, "Nimekusikia." Nilidanganya. Sikuwa nimemsikia, ila sikuweza kumwambia hivyo.

Daktari alisema tumewahi. Sijamwuliza tungechelewa kidogo ingekuwaje. Nawe usiulize.

Mama

---

25 Julai

Mama mpenzi,

Jana tumemaliza majaribio ya mlinzi. Niliviua vyumba vyote vinne, kimoja kimoja, kwa kila njia chafu niliyoijua, na kila mara mlinzi alikwenda na kukiinua kabla sijafika kwenye kiti changu. Kengele sasa ikifa, inajulikana imekufa.

Msimamizi alilalamika kwamba mlinzi hana subira. Alitaka angoje zaidi kabla ya kwenda kutazama, labda chumba kimechelewa tu. Nikamweleza kuhusu kigoda chako. Alivua miwani, kisha akatia sahihi. Maboksi yanaondoka wiki ijayo.

Mama, hukuchelewa. Nakuandikia hilo kwa herufi zangu ili uwe nalo. Usiku ukianza kujihesabia, lisome.

Mpe Baba mkono wa kushoto.

Mtundu

---

17 Agosti

Kwako Mtundu,

Mimi ni mzima wa afya nusu, na nusu nyingine inafuata nyuma. Anayeandika ni mama yako, maana mkono wangu bado unajifunza. Mimi nasema, yeye anaandika. Maneno yanatoka polepole kwa hiyo ana muda wa kuyachuja.

(Siyachuji. Mama.)

Seremala alikuja. Siku hizi akiingia anauliza kwanza, "Kubomoa au kujenga?" Ule ukuta ameutoa wote, na kwa mbao zake akatengeneza meza ndefu. Nusu ni ya redio, nusu ni ya vitambaa. Hakuna mstari katikati. Mama yako anasukuma redio zangu, mimi nasukuma vitambaa vyake, ndivyo siku inavyokwenda.

Skrubu tuliipata. Ilikuwa ndani ya kopo la misumari, mahali nilipotafuta mara ya kwanza. Mkono wangu hauwezi bisibisi, kwa hiyo mimi nilielekeza, yeye akakaza. Anakaza kupita kiasi.

(Nakaza inavyotakiwa. Cherehani sasa inashona vizuri. Anasema niandike kwamba ilikuwa na kasoro tangu mwanzo, kabla hajaigusa. Hilo siandiki.)

Lile neno fupi nilishalisema. Sikulisema mlangoni, nililisema wodini, na lilikuwa neno la kwanza nililoweza kutamka likaeleweka. Nesi alidhani namwambia yeye pole kwa kazi nyingi. Mama yako alijua la nani.

Nimechoka kuongea. Mwambie msimamizi wako mlinzi wake ni mzuri.

Baba yako

(Amelala sasa, nimalizie mimi. Kuna jambo hakukueleza. Kitanda chake kile kidogo tumekitoa, yuko kwenye chetu. Lakini kila asubuhi kukipambazuka, kabla hajafungua macho, anainua ule mkono wa kushoto anagonga ubao wa kitanda mara moja. Ukuta haupo, jaribio lako limekwisha, na mimi nimelala hapo hapo, bega langu linagusa lake. Siku ya kwanza nilimwambia, "Mzee, si nipo hapa?" Akangoja, kisha akagonga tena. Basi nami nikanyoosha mkono nikagonga. Akaongeza la tatu. Na la tatu sasa nalijibu.

Mama)